Nyonga Aliyoinyoosha Sefania

Ko. Mguu mfupi wa meza ulikuwa umegusa sakafu. Fundi Silvano, aliyemfundisha Sefania useremala, aliitikisa meza hiyo, kazi ya mwanafunzi wake, mbele ya wateja, ko, ko. Sefania alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo, kwa miaka arobaini, hakikutoka kitu kilichopinda kwenye karakana ya Sefania kijijini Gare.

Ndiyo maana Sharifa, mwalimu wa wakunga mjini Lushoto, alimpelekea yeye zile picha. Mashine ya skani ilikuwa imeipiga nyonga ya mama mmoja picha sabini, moja juu ya nyingine, kama mkate uliokatwa vipande. Mama aliridhia zitumike kufundishia. Jina lake likafutwa. Kazi ya Sefania ilikuwa kuchora kila picha kwenye plaiwudi nyembamba, kuikata, kisha kuvibandika vipande kwa gundi hadi nyonga isimame mezani.

Wiki tatu alifanya kazi hiyo, ukungu ukiingia na kutoka mlangoni kama jirani asiye na haja. Jumatano Sharifa akaja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Itazame."

Sharifa akaingiza vidole ndani ya nyonga, akavizungusha polepole.

"Fundi, kwenye picha, huku kushoto mfupa ulikuwa umeingia ndani."

"Niliona. Nikajua mashine imekosea. Nikauchora upande wa kulia kwenye karatasi, nikaipindua, nikachorea kushoto. Sasa pande zote ni pacha."

"Haikukosea. Ndivyo alivyo. Mtoto alikwama hapo siku mbili." Sharifa akaiweka nyonga mezani. "Jumatatu wanafunzi wangu wanakwenda zahanati za Mtae na Rangwi. Nilitaka vidole vyao vipajue hapo, mama kama huyu wamwahishe hospitali kabla uchungu haujaanza."

Dorkasi, mke wa fundi, aliyekuwa akimenya viazi kizingitini, akacheka. "Baba Alen, umemnyoosha mtu kama mguu wa stuli."

Sharifa alipoondoka, Sefania aliigeuzageuza ile nyonga. Ilikuwa nzuri, ila haikuwa ya mtu yeyote. Akachukua msumeno, akaukata upande wa kushoto wote.

Siku tatu alichonga upya, akiufuata mstari wa mfupa kwenye picha kila ulikokwenda. Mkono ulizoea kunyoosha; mara mbili ulimponyoka, mara mbili akakitupa kipande na kuanza tena.

"Haya, nenda unakotaka," aliuambia mstari. Dorkasi akamwuliza anagombana na nani.

Jumatatu asubuhi, kabla gari halijawachukua, wanafunzi waliizunguka meza chuoni. Happiness, aliyekuwa wa mwisho, alifumba macho, akaingiza vidole. Vikasimama.

"Hapa panabana, mwalimu. Kushoto."

Sharifa akamgeukia fundi. Sefania alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, macho yake kwenye vile vidole.

"Nimemwacha alivyo," akasema, kwa sauti ambayo Sharifa peke yake aliisikia.