Mgongo wa Asya

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimwambia mzazi neno ambalo likinijia mpaka leo mwili unanisisimka. Jirani yetu wa Kikwajuni, Bi Zuhura, alijifungua binti, Asya, mgongo umepinda tangu tumboni. Siku ya arubaini, mbele ya wanawake wote, mie na mdomo wangu nikamwambia, "Si uliwacheka vibiongo ulipokuwa na mimba? Ndiyo haya." Ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa na wakubwa. Bi Zuhura alimfunika mtoto kanga akaingia ndani.

Miaka miwili baadaye nikawa nasomea ualimu. Mwalimu wetu wa baiolojia, Bi Shirin, Mhindi wa Mji Mkongwe, alipasua yai lililoatamiwa siku mbili, akaniita kwenye hadubini. Lahaula! Kifaranga hakina mfupa hata mmoja, lakini mgongoni zimejipanga pingili laini mbili mbili, kulia na kushoto. Kisha akaniwekea kidudu alichokichimba mchangani Chwaka, chembamba, hakina mifupa. Nacho kina pingili!

"Mababu wa kale wetu sisi na wa kidudu hiki ni wamoja," akasema. "Pingili zilitangulia, mifupa ikaja baadaye. Na wewe tumboni ulianza hivi hivi, mama yako hajajua hata kama ana mimba. Mara nyengine pingili moja huharibika, mgongo ukapinda."

"Kwa sababu mama alicheka?"

Alinikodolea macho. "Kicheko kitafikaje huko, Mize?"

Wallahi nilishtuka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura, nikamweleza yote, nikamwomba radhi huku nnalia. Akasema, "Miaka miwili, Mize, namwogesha mwanangu nimefumba macho. Nikiuona mgongo ule naona dhambi yangu." Akamvuta Asya, akamfunua, akaupapasa ule mgongo polepole, macho wazi.

Sasa jana nimekusikia ukiuliza mama yule aliyezaa mtoto mwenye kilema kafanya nini hata mwanawe akawa vile. Nimeshtuka, kama nnajisikia mwenyewe. Usiulize tena. Usimtwike mzazi kosa la kitu kilichojijenga bila ya yeye kujua. Na ukishakosa, nenda ukaombe radhi siku hiyo hiyo, usingoje miaka miwili kama mie.

Mungu akuruzuku watoto, mwanangu, na vyovyote watakavyokuja, uwaogeshe macho wazi. Amin.