Mstari wa Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha nilitoka darasani kupitia dirishani. Nilikuwa nimeandika a, e, i, o, u ubaoni kwa mwandiko niliojivunia tangu darasa la tatu, nikageuka kuwatazama wanafunzi wangu kumi na wanane, akina mama wengi na wazee wachache. Mlangoni ikatokea kofia niliyoifahamu. Baba mkwe. Sikufikiri mara mbili. Nilitupa chaki, nikapandisha mguu kwenye dirisha lisilo na kioo, nikaangukia kwenye migomba ya shule. Nyuma yangu darasa zima liliangua kicheko, nami nikaapa kwamba sirudi tena pale.

Asiyetoka kwetu Rungwe anaweza kudhani nilikuwa nimemkosea mzee yule. Sikumkosea kitu. Kwetu, miaka ile ya sabini, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Ukimwona anakuja unaingia migombani, unampa mgongo, unajitanda kanga mpaka apite. Jina lake hulitamki, wala neno linalofanana nalo. Naye anakuepuka vivyo hivyo. Akitaka kuingia uani anakohoa tangu mbali ili upate muda wa kuondoka. Nilikaa kwake miaka minne nikimfahamu kwa kofia, kwa mgongo na kwa kikohozi. Nilimpenda hata hivyo, kwa sababu alikuwa akikohoa mapema, asije akanikuta nahangaika na sufuria za moto.

Na mimi nilikuwa nani? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na jina langu halikuwamo kati ya wawili waliochaguliwa kwenda sekondari. Nililia wiki nzima, kisha nikaolewa. Mume wangu alifanya kazi kwenye kambi ya reli kule Chimala, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka na gunia la mchele. Mimi nilibaki na jembe, pamoja na njaa ambayo ndizi hazikuiweza. Nilisoma kila chenye herufi. Mhindi wa duka la Tukuyu alifungia sukari kwa magazeti ya zamani, nami nikifika nyumbani namimina sukari kwenye kopo, naikunjua karatasi, nasoma. Taabu ni kwamba Mhindi yule alikata gazeti kwa kadiri ya sukari, si kwa kadiri ya habari. Hadithi tamu ikifika pale mwenye nyumba anapofungua mlango, basi, mkasi umepita. Ilinikasirisha sana. Nikanunua daftari nikaanza kuandika miisho yangu mwenyewe, na mingine ilikuwa mizuri, nasema bila haya.

Miisho ilipoisha nikaanza kuandika maswali. Mtu akikukimbia kwa heshima na mtu akikukimbia kwa dharau, utawatofautishaje kwa kutazama migongo yao? Nililiandika hilo nikiwa nimetoka kujificha migombani, magoti yana matope. Hakuna aliyenifundisha kwamba kufikiri namna hiyo nako ni elimu. Nilidhani ni ukaidi tu, maana mama yangu ndivyo alivyouita.

Ndipo ikaja kampeni ya kisomo, kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Mratibu wa elimu alipita akitafuta waliomaliza darasa la saba wafundishe wenzao jioni, na akatoa ahadi: mwalimu ambaye wanafunzi wake watafaulu, atapendekezwa kwenda chuo cha ualimu Iringa. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka Iringa. Nikamwandikia mume wangu, naye akajibu kwa mstari mmoja, kwamba baba yake akikubali, yeye amekubali. Baba wadogo, yaani wadogo zake baba mkwe, wakasema wazi kwamba mke wa mtu haendi kulala kwenye mabweni.

Mzee mwenyewe alichofanya ni kuja darasani. Na sababu yake aliijua kila mtu. Barua za mwanawe kutoka Chimala zilisomwa na mimi, nikimsomea mama mkwe jikoni, kisha mama mkwe anakwenda sebuleni kumweleza mzee yaliyomo. Nilichosoma kilikuwa kurasa mbili, alichofikisha mama mkwe kilikuwa, "Anasalimia." Mzee alianza kushuku kwamba kurasa mbili za salamu ni nyingi mno.

Kwa hiyo baada ya kuruka dirisha niliketi jikoni nimenuna, mama mkwe akaja na ujumbe. Alikuwa anajizuia kucheka. "Mzee anasema aliyeruka ni wewe, yeye hajaruka. Kesho rudi, mtafute namna."

Namna tuliipata. Nilifundisha darasa langu la watu kumi na wanane mpaka mwisho. Wakishatoka, naandika ubaoni somo la mtu mmoja, naweka chaki mezani, naondoka kwa lile dirisha langu, ambalo sasa lilikuwa mlango halali. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa nje akisuka mkeka, anaita. Kikohozi. Mzee anaingia, anasoma, ananakili kwenye daftari lake, analiacha juu ya dawati. Akishatoka narudi na wino mwekundu. Hapo mwanzo, ili ajue sauti za herufi, mama mkwe alimsomea, nami nilimfundisha mama mkwe asubuhi tukimenya ndizi. Kwenye rejista nilikuwa na tatizo la peke yangu: jina la baba mkwe sikuweza kuliandika, kwani mkono nao ni wangu. Nikaacha mstari wa kumi na tisa wazi, nikawa naweka alama ya vema mbele ya pengo.

Ng'ombe hazeeki maini. Baada ya miezi michache mzee alikuwa anasoma kitabu cha kisomo juu ya kilimo bora cha kahawa na kukibishia pembeni kwa penseli. Kisha ikaja barua ya Chimala, akaifungua mwenyewe. Aligundua kwamba mwanawe alikuwa akimwomba radhi, barua baada ya barua, kwa kuikimbia kahawa na kwenda relini, na kwamba mama mkwe alikuwa akiruka hapo kila mara ili asimkumbushe hasira. Mama mkwe alikula peke yake siku tatu. Siku ya nne mzee aliketi kuandika jibu, na nilipolipeleka posta lilikuwa limefungwa vizuri. Sikujua alichoandika, lakini mume wangu alipokuja nyumbani mwezi uliofuata, walikaa pamoja uani kutwa nzima.

Mimi nilipata jambo jingine. Mwisho wa kila somo nilianza kumwandikia swali moja kutoka kwenye daftari langu. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Niliandika, Heshima ni nini? Kesho yake nikakuta, kwa herufi zilizopanda na kushuka, "Heshima ni kumpa mtu nafasi ya kupita." Nililisoma lile jibu nimesimama, nikalisoma tena, nikaketi kwenye dawati lake. Miaka minne nilikuwa nikimkimbia mtu mwenye akili namna ile. Chini yake alikuwa ameandika swali lake: kwa nini mwalimu hakai na mwanafunzi wake? Nikaandika kwa wino mwekundu, "Sijui. Tuendelee kufikiri."

Mtahini alikuja kutoka Mbeya mjini, kijana mpole aliyevaa kaptula, si mtu wa kwetu. Mtihani ulifanyika hadharani, na kwa kuwa baba mkwe alikuwa mkubwa kuliko wote, aliitwa wa kwanza. Baba wadogo walikuja kutazama. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya dirisha, najisemea kwamba huyu ataandika mpaka waombe karatasi nyingine.

Nikamsikia mtahini akisema, "Mzee, tuanze na rahisi. Andika jina lako."

Kimya. Mtahini akarudia. Mwishowe nikamsikia akisema kwa upole, "Huyu bado," na kumwita mwingine.

Nilielewa pale pale. Miezi yote ile nilikuwa nimemfundisha kahawa, mbolea, reli na heshima, ila jina lake sikuwahi kumwandikia hata mara moja. Na kwa kukwepa kila neno linalofanana nalo, nilikuwa nimeruka safu nzima ya silabi, zile zisizotokea sana hata vitabuni. Wenzake walikuwa wameiokota nyumbani kwa watoto wao. Yeye alikuwa na mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo alikuwa mkamwana. Angeweza kusema mbele ya watu wote, "Hilo sikufundishwa." Angejiokoa na kuniangusha mimi. Badala yake alisimama, nikakisikia kiti, akaenda zake.

Baba wadogo hawakungoja kufika nyumbani. Walisema njiani, kwa sauti, kwamba kaka yao ameaibishwa na mwanafunzi wa karatasi za sukari, na kwamba habari ya Iringa sasa imekwisha. Wanafunzi wangu wengine walifaulu takriban wote, lakini hilo halikunifariji hata kidogo. Nililia kwa aibu, kisha nikalia kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Mama mkwe alinitazama, akasema kana kwamba anazungumzia kuni, kwamba kesho mtahini atakuwa kwenye shule ya ng'ambo ya mto.

Nilirudi darasani jua bado liko juu. Niliushika ule ubao muda mrefu. Mila ilisema nisitamke, na mdomo wangu ningeufunga. Lakini sikutaka kujidanganya. Najua kuandika kuna uzito zaidi kuliko kusema, maana maneno ya mdomo hupotea. Nikajiuliza, kama alivyonizoesha kujiuliza: hii heshima yangu inampa nafasi ya kupita, au imemfungia njia? Nikaandika ile safu yote niliyoiruka. Chini yake nikaandika jina la baba mkwe wangu, herufi kubwa, mara tano. Chaki ilikatika, nikaokota kipande nikaendelea. Nikaweka rejista mezani, imefunguliwa, kalamu juu yake, nikatoka kwa dirisha.

Nilikisikia kikohozi. Nilisikia akiingia. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, polepole, silabi moja moja, mpaka silabi zikakutana zikawa jina. Alilisoma mara tano, na mara ya tano alilisoma kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nilipoingia baadaye, mstari wa kumi na tisa ulikuwa umejaa.

Ya kesho yake nilisimuliwa na mama mkwe, aliyemfuata mzee akijidai anakwenda gulioni. Baba wadogo nao walikwenda, kwa nia nyingine. Mtahini alimtambua, akamruhusu ajaribu tena. Mzee akaandika jina lake. Mtahini akamwambia inatosha, amefaulu. Mzee akasema haitoshi, akaendelea kuandika, akasimama na karatasi mkononi, akavua kofia, akasoma mbele ya watu wote, wadogo zake wakiwamo: "Jina hili ameniandikia mkamwana wangu. Nimepita. Sasa na yeye apite, aende Iringa."

Hakuna aliyebisha. Angebishaje, na ilikuwa imeandikwa?

Iringa ilikuwa na baridi iliyonishinda hata mimi wa Rungwe, na maktaba ya chumba kimoja ambamo hadithi zote zilikuwa na miisho. Nilizisoma zote, na baadhi niliona miisho yangu ingezifaa zaidi. Nilitoka pale na cheti, nikafundisha maisha yangu yote, na nimeandika vitabu viwili. Nasema haya kwa majivuno, na sitaomba radhi. Lakini kila nikiulizwa nilianzaje, sianzi na chuo. Naanza na asubuhi ya kuondoka.

Nilikuwa nashuka njia ya kwenda kituo cha basi, sanduku kichwani, mama mkwe nyuma yangu amebeba ndizi za safari. Kwenye kona nikaiona kofia ikija. Hapakuwa na kikohozi. Nikaanza kuinama ili niingie migombani na sanduku langu, kama nilivyofanya miaka yote. Lakini baba mkwe alikuwa amewahi. Aliacha njia, akaingia yeye migombani, umande ukamlowesha mpaka magotini, akanipa mgongo, akasimama wima akisubiri.

Nikalinyoosha sanduku kichwani, nikapita katikati ya njia.