Mbasa Waliopanda Mto

Leo sokoni Lyulilo nimesikia harufu ya samaki waliobanikwa, nikawakumbuka mbasa, samaki wa ziwa letu.

Nilikuwa binti mdogo. Nilikuwa nachota maji mtoni nilipowaona, wakubwa kama mapaja ya baba, wametoka ziwani kuja kutaga mayai kwenye changarawe. Nikakimbia kumwita baba. Akaja na wavu, akauziba mto ng'ambo hadi ng'ambo.

Mama alipowapasua, mayai yalimjaa viganjani.

“Hawa walikuwa hawajazaa,” akasema polepole.

“Ndaga, mwanangu,” baba alinishukuru, akinishika kichwa, nami nikafurahi sana.

Msimu uliofuata nilikwenda kuwatazama kila asubuhi. Hakuja hata mmoja.

“Watakuja,” baba aliniambia, lakini hakunitazama usoni.