Saa Hamsini na Nane za Verlyn Sookram

Saa moja kasoro robo asubuhi, Verlyn Sookram amepiga magoti kwenye chumba cha mbele cha boti ya matanga iliyopandishwa nchi kavu, katika yadi ya Chaguaramas, Trinidad. Kwa kisu kidogo anachana mshono wa mto mmoja, upana wa kiganja tu. Anaingiza vidole, anavitoa vimelowa.

"Unaona, Kapteni? Sponji imekunywa bahari, na ubao wa chini umeoza. Kabla sijashona, nina kazi ya kubomoa."

Kapteni Aldwyn Noel ni Mgrenada mwenye boti nane za kukodishia watalii. Zote kazileta Trinidad kukimbia vimbunga, na zote lazima ziwe majini kabla ya Novemba.

"Saa ngapi za kazi?" anauliza.

Verlyn anapima pembe, anahesabu mito kumi na minne, anashuka ngazi na kupanda tena huku akitazama saa. "Hamsini na nane. Kila saa dola mia na hamsini za Trinidad. Vitambaa na sponji mbali."

Kapteni anacheka puani. "Dada, jirani yako kanitajia thelathini na nne."

"Jirani yangu alipanda humu ndani?"

Jirani, fundi Ramdass Gobin, alitaja bei akiwa amesimama chini, mkononi kashika doubles yake ya asubuhi, vichapati viwili vya kukaanga vyenye dengu.

Verlyn, mwenye umri wa miaka 47, hakuzaliwa na jicho hilo. Alianza katika mji wa Arima, akivisha viti vya maxi-taxi, daladala za huko, pamoja na kaka yake. Mwaka 2012 alipata boti yake ya kwanza. Akaitazama kama anavyotazama kiti cha gari, akasema saa ishirini, dola 2,400. Ilimla saa sabini na moja.

"Kwenye boti hakuna pembe mraba," anasema. "Kila mto una mkunjo wake. Nilipogawanya, nikakuta kila saa nimelipwa dola zisizofika thelathini na nne. Muuza doubles wa langoni alikuwa ananizidi, tena yeye anamaliza saa nne asubuhi anaenda kulala."

Wiki iliyofuata alinunua saa ya jikoni, ile inayolia keki ikiiva, akaanza kupima kila anachofanya. Zipu moja, dakika kumi na mbili. Mkunjo wa kufuata ukuta wa boti, dakika ishirini na tano. Kung'oa pini kwenye kiti cha zamani, dakika arobaini. Hata ngazi aliipima: kupanda na kushuka ukiwa na mto begani ni dakika nne, na kwa boti moja utapanda mara thelathini.

"Hizo ni saa mbili za ngazi tu," anasema. "Watu hawazihesabu. Halafu jioni wanashangaa siku imekwenda wapi."

Kisha, kwa kila saa kumi za kazi, huongeza moja anayoiita saa ya mkosi. Kwa boti ya Kapteni, saa 53 zilikuwa za kazi na tano za mikosi.

Kapteni alimpa masharti. Ajaribu boti moja. Saa zikizidi hamsini na nane, za ziada hazilipwi, na boti saba zilizobaki zinakwenda kwa Ramdass. Zisipozidi, zote nane ni zake. Kwa kuwa Verlyn hufanya kazi na Selwyn Guerra, mwendesha kreni mstaafu ambaye sasa hukata sponji, hesabu ilikuwa nyepesi: saa ishirini na tisa kwa kila mmoja, nane kwa siku. Waanze Jumatatu saa moja asubuhi, wamalize Alhamisi saa sita mchana.

Habari ilizagaa yadi nzima kabla ya chai. Wapaka rangi walichora saa kwa chaki kwenye ukuta wa banda. Ramdass akaleta kiti chake, akakaa mkabala.

"Verlyn, unashona mito au unaifuga?"

"Nashona, mjomba. Wewe umeshajua kuwa boti ina ndani?"

Yadi ikacheka, Ramdass naye akacheka.

Jumatatu na Jumanne zilikwenda kama alivyosema, karibu kwa dakika. Jumatano mchana ikaja mvua. Iliponda mabati hadi watu wakaacha kusemezana, na unyevu ukaingia kila mahali. Gundi ikagoma kukauka. Sponji sita zilikaa mezani zikinata kama halwa.

"Tuzifunike hivyo hivyo," Selwyn alinong'ona. "Nani atajua?"

"Bahari itajua. Krismasi hii zitakuwa zimefumuka, na jina litakalotajwa ni langu."

Wakangoja. Selwyn anakiri kwamba hakumtazama usoni. Alihofia kumwona analia. Lakini Verlyn alikuwa akikata zipu za mito mingine, midomo ikihesabu. Zilipotimia saa kumi jioni, saa nne kati ya zile tano za mkosi zilikuwa zimekwisha.

Alhamisi saa tano na nusu kulikuwa na watu zaidi ya ishirini chini ya boti. Ulikuwa umebaki mto mmoja, wa pembetatu, wa kitanda cha mbele. Verlyn aliusukuma, ukakataa. Akautoa, akaugeuza, akaukunja kama mkate wa roti, akaupenyeza kwa goti. Ukaingia, ukajifungua, ukajaa hadi kona ya mwisho.

Alipotokeza kichwa nje ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na nane. Wapaka rangi walipiga makopo yao. Selwyn alikaa chini kwenye changarawe, akajifunika uso kwa kofia.

Kapteni alipanda mwenyewe, akalala juu ya mto, akabonyeza kila mshono. Alipoteremka alimpa mkono. "Zilizobaki unaanza lini?"

"Leo saa saba," Verlyn alimjibu. "Sasa hivi nakula."

Ramdass alimfuata kwenye chakula. Alitaka kujua zipu huchukua dakika ngapi, na Verlyn alimwambia.

Boti saba hizo zitamletea kazi ya wiki tano, ila anachokiwaza ni Januari. Anataka banda lenye paa lisilovuja na wanawake sita wa kijiji jirani cha Carenage, washona sare za shule. "Kushona wanajua kunizidi," anasema. "Nitawafundisha kutaja bei."

Wa kwanza amekwisha kuja. Ni Ermintrude Cuffie, miaka 58, ambaye kwa miaka thelathini bei zake zimepangwa na wateja. Jumamosi alipewa mto aukadirie. Aliupima, akauchana mshono kidogo, akapiga hesabu, kisha akasema akitazama sakafu, "Saa tano. Dola mia saba na hamsini."

"Tena, mama," alisema Verlyn.

Mara ya pili Bi Cuffie aliinua macho. Alitaja bei ile ile, polepole, kisha akasubiri jibu.