Karabai ya Odeta

Odeta ana duka la dawa mwaloni, ufukweni mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, mbali na mjini Nyegezi anakofuata mzigo wa dawa, na ana ulimi usiomsamehe mtu. Wateja wake ni wavuvi wa dagaa, watu wa kuvua usiku. Ukiwaambia "kutwa mara mbili", kutwa yenyewe wanakoroma. Basi kwenye kila bahasha akawa anachora karabai, taa yao ya kuvulia: ukiiwasha, meza kidonge kimoja; ukiizima, meza kingine.

Ikaja mbalamwezi, mwanga wa karabai hauvuti tena dagaa, mitumbwi ikalala ufukweni. Odeta akamkuta mzee Bashiru, mmoja wa wavuvi hao, ameketi kibarazani kwa nyumba yake, kichwa kinamgonga, vidonge vyake vya presha vimebaki vilevile bahashani.

"Shikamoo, babu. Nani kakwambia uache dawa?"

"Marahaba, mwanangu. Sijaacha. Karabai haijawashwa."

Odeta alifoka mwalo mzima ukasikia, mpaka akakumbuka aliyechora ile karabai ni nani.

Jioni hiyo, mwezi ukiwa mweupe pe, wavuvi waliona karabai inawaka mlangoni pa duka, na Odeta kasimama kando yake, mikono kiunoni.

"Haya, imewaka!" aliita. "Mezeni!"