Diski Iliyogoma Tunduma

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha mitambo, Tunduma, niliingia bila sweta. Nilikuwa nimehamishwa kutoka ofisi yetu ya Vwawa, nilikoanza kama mpiga chapa na kujifunza kompyuta zilipoingia. Mkuu wa Mitambo alifungua mlango, baridi ya kiyoyozi ikanipiga, naye akacheka. "Mama Neema, humu inabembelezwa mitambo, siyo watu."

Akanionyesha kabati la chuma lililojaa diski. Zilifanya kazi kama kitu kimoja. Moja ikifa, nyingine zinabeba mzigo wake. Sisi tulikuwa mawakala wa forodha, kwa hiyo humo zilikaa nyaraka za wateja: nani anavusha nini, anamuuzia nani. Mshindani akizisoma, mfanyabiashara amekwisha.

"Kila diski ina funguo mbili, nazo ni namba za siri," Mkuu alinifundisha. "Wa nje unafungua mlango, tunautunza sisi. Wa ndani ndio unaovuruga maandishi na kuyarudisha yasomeke. Hautoki ndani ya diski. Ukiubadilisha, kilichomo hakisomeki tena, hata na wewe."

Alipostaafu nikashika nafasi yake. Baadaye fundi mwenzangu alihamia kwa washindani wetu, nami siku hiyohiyo nikabadilisha ufunguo wa nje wa kabati zima.

Miaka ikapita, likaja kabati jipya. Meneja akatangaza kuuza diski za zamani. Wa kwanza kufika alikuwa yule fundi, kompyuta ndogo kwapani.

"Subirini nizifute," nikasema. Nilitoa amri, diski moja baada ya nyingine, zikatii. Ikagoma moja. Nikakumbuka: hiyo ilitolewa kabatini kwa kusumbua kabla sijabadilisha ufunguo, ikawekwa stoo. Bado ilikuwa na ufunguo wa nje wa zamani, ambao mimi sikuwa nao tena.

Meneja alichoka kungoja. "Mpe tu. Si imefungwa?"

"Imefungwa, bosi, ila aliyeondoka na ufunguo wake ni huyu."

"Dada, unanishuku?" fundi akauliza.

"Ninafuta, kaka. Kaa unywe chai."

Mzee Sudi, mwenye malori, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa mapokezi akasikia. Akasimama mlangoni. "Mama, na nyaraka zangu zimo?"

"Zimo, mzee."

Akaegemea mlango, akabaki palepale.

Njia ilibaki moja. Kwenye lebo ya kila diski, kiwandani huchapwa namba ndefu yenye tarakimu na herufi; haifungui chochote, kazi yake ni kubadilisha ufunguo wa ndani. Lebo ilikuwa imechubuka. Niliigeuzia dirishani bila kuichomoa, nikaisoma herufi kwa herufi, Meneja akiandika kwenye mtambo. Ikakataa. Nikaangalia tena.

"Bosi, pale si nane. Ni B."

Akabonyeza. Skrini ikajibu: imefutwa.

Fundi alilipia, akaiunganisha na kompyuta yake palepale, hakuweza kungoja afike kwao. Akatafuta, akatafuta tena. "Tupu," akasema kwa sauti ndogo. Mzee Sudi alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na Meneja akanishika mkono mbele ya ofisi nzima.

Vijana mnaorithi kazi hii, hakuna atakayewapigia makofi kila siku, kwa sababu ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Mimi ulinitosha mkono wa Meneja siku ile. Nilistaafu nikatoka pale kifua mbele, na mbele yangu malori ya wateja wetu yamepanga foleni kuingia Zambia, yamebeba mizigo yao yote, na siri zao zimebaki kuwa zao.