Koti la Rodi Ailandi Juu ya Mikeke

Asubuhi ile Apollinarie alilivisha beseni koti, kama kila siku.

Kwanza barafu iliyopondwa. Juu yake mikeke, samaki wa ziwani, kichwa kwa mkia. Barafu tena, plastiki, halafu lile koti jeusi la baridi, nene kama godoro, lenye manyoya kwenye kofia. Akavuta zipu. Mikono ya koti akaifunga fundo kwa mbele, beseni likawa kama mzee aliyeshika tumbo baada ya sherehe.

"Baba Noella, shika kule. Muzee wangu huyu iko muzito leo."

"Ameshiba," mumewe Libérat akasema.

"Ameshiba kukupita weye. Chai yako iko palepale."

Libérat akarudi ndani, akamaliza chai. Alipotoka, beseni lilikuwa limeshafungwa nyuma ya pikipiki ya Étienne, motari wa mtaa, na mke wake amekaa katikati, amebanwa kati ya mgongo wa Étienne na tumbo la koti.

"Ukichelewa nitauza kiti yako," akamwambia. Pikipiki ikaondoka.

Hakuchelewa. Kiti kilikuwapo sokoni. Apollinarie aliuza mpaka jua likawa kali, akasema kichwa kinamlemea, akalaza shavu juu ya koti kama mtu anayesikiliza samaki. Walimkimbiza hospitali. Jioni nyumba ilijaa watu, na kwa mara ya kwanza ilijaa watu bila sauti yake kusikika.

Kwenye matanga wageni waliuliza sana juu ya koti lile. Koti la theluji, Uvira! Hapa mbwa huanza kutafuta kivuli kabla misa ya pili haijaisha. Libérat si mtu wa maneno. Alijibu, "La mke wangu," basi. Lakini habari yenyewe ni hii.

Apollinarie alizaliwa Sange, kwenye mpunga. Watu wa kwao husema alijifunza kuongea kwa kufukuza ndege shambani, ndiyo sababu hakuwahi kujua kunong'ona. Libérat alimkuta huko siku za soko, alipokuwa akienda kushona viatu. Msichana alimletea kiatu kimoja, kikashonwa. Soko lililofuata akaleta kilekile, eti kimeharibika tena. Libérat akaona alama ya kisu. Akashona tu. Alipokileta mara ya tatu, Libérat akaenda kumwona baba yake.

Wakaoana, wakahamia Kimanga, hapa Uvira. Sokoni meza ya samaki ya Apollinarie ilikuwa katikati: kulia sanduku la Libérat la misumari na soli, kushoto vitenge vya Mzee Lukumani. Lukumani ni Mwislamu wa papa hapa. Mababu zake walifika ziwani na misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani, zamani za pembe za ndovu. Yeye na Apollinarie walikuwa watani. Yeye alimwita Mama Mpunga. Mama naye akamwita Sultani Asiye na Ngamia. Siku wasipotukanana, wateja waliuliza nani anaumwa.

Mtoto wa Apollinarie na Libérat ni mmoja, Noella. Alikimbia vita akiwa msichana, akaishi kambini Tanzania, akaolewa huko, kisha yeye na mume wake wakachukuliwa na ndege mpaka Amerika, kwenye jimbo dogo la pwani liitwalo Rhode Island. Apollinarie alilitamka Rodi Ailandi na hakutaka kusahihishwa. Noella alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mwaka alipotuma koti alikuwa kwenye darasa la wageni wanaotafuta uraia, na mwalimu wao alikuwa na ugonjwa wa kusimulia historia ya jimbo lake.

Koti lilifika kupitia Bujumbura, mikononi mwa msafiri. Na neno lilikuja nalo: mama aende akakae na wajukuu. Baba atafuata.

Libérat alilijua neno hilo, atafuata. Huambiwa mtu anayeachwa barabarani na mzigo wake.

Apollinarie hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alilitundika koti kwenye msumari juu ya kitanda, likawa linamtazama Libérat kila alipolala. Na kila Jumapili akawa anauliza maswali.

"Noella, hapo mahali munakaa, nani alilala kabla yenu?"

Noella akamweleza. Kulikuwa na mchungaji kwenye jimbo la jirani, zamani sana. Alisema yaliyo moyoni mwake, wakuu wakachukia, wakamfukuza wakati wa baridi kali. Wenyeji wa nchi wakampokea, wakampa ardhi. Akajenga mji, akasema: hapa kila mtu amwabudu Mungu anavyojua. Na wengine waliofukuzwa wakamfuata, hata mwanamke mmoja aliyefukuzwa kwa sababu ya kuhubiri.

Jumatatu soko zima likapata habari.

"Walimufukuza juu ya kusema sana," Apollinarie akatangaza huku akikwangua magamba.

"Kusema sana?" Lukumani akasema. "Basi weye, Mama Mpunga, ukifika watakupa ugavana."

"Nitakuita unishikie mwavuli, Sultani."

Jumapili iliyofuata akauliza juu ya wale wenyeji, wako wapi. Noella akasita. Akasema vita vilikuja baadaye, wengi waliuawa, ardhi ikachukuliwa. Waliobaki ni wachache, lakini wapo mpaka leo.

"Eeh," Apollinarie akasema. "Mugeni siku ya tatu unamupa jembe. Wao walimupa shamba siku ya kwanza."

Libérat aliyasikia yote akipaka uzi nta. Moyoni alijiambia: mtu hapimi nyumba ambayo hataki kuhamia. Akamfuata Lukumani nyuma ya vitenge.

"Mutafutie ubaya."

"Ubaya gani?"

"Wowote. Wa hilo jimbo."

Lukumani ana simu kubwa na mchana mrefu. Akaanza na baridi. "Mama Mpunga, huko hata maji ya kando ya bahari inageuka barafu!"

"Barafu ya bure? Mungu asifiwe. Miye hapa nanunua."

Siku nyingine akaja na jambo alilolihesabu kuwa kubwa. Wale watu, alisema, ni wakorofi tangu zamani. Mfalme aliyewatawala zamani hizo alileta meli ya kulinda ushuru, ikawa inakimbiza kila mashua yenye mzigo. Siku moja ikakwama kwenye mchanga. Watu wa mji wakapiga makasia gizani, wakawashusha mabaharia, wakaitia moto ikaungua yote. Mfalme akatuma wachunguzi, wakauliza mji mzima. Hakuna aliyeona kitu.

Lukumani alitarajia woga. Lakini lile ni soko la Uvira, mpakani, ambako kuna mizigo inayovuka kutoka Bujumbura bila kumsalimia mtu wa duane wala kulipa ushuru. Wanawake wakapiga makofi. Pudentienne, muuza sabuni, akasimama kabisa.

"Hao ni ndugu zetu!"

"Meli nzima inawaka na hakuna aliyeona?" Apollinarie akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Noella hakupotea. Alifika kwa wajomba."

Libérat akaupiga msumari ukapinda.

Mara ya tatu Lukumani hakuja akicheka. Alisimama mbele ya meza ya samaki, simu mkononi, akasoma polepole. Meli za jimbo lile zilikuwa zikipeleka pombe ya miwa Afrika na kuondoka na watu. Katika majimbo yote ya Amerika hakuna pwani iliyotuma meli nyingi za namna hiyo kama ile pwani ndogo. Walinunua watu kwa mapipa, akasema, waliwafunga, wakawa…

Hapo akaacha. Neno lilikuwa limemgeukia mdomoni.

Apollinarie aliinua uso. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye samaki.

"Sultani," akasema, bila kelele safari hii, "umetafuta ubaya Amerika, umekuta babu yako."

Lukumani akakaa juu ya marobota yake.

"Ni kweli," akasema. "Misafara yao haikubeba pembe peke yake."

Apollinarie akachagua mukeke mzuri, mnene, akaufunga kwenye plastiki, akauweka juu ya vitenge vyake. "Babu yako singemuuzia hata kichwa ya samaki. Weye peleka, mule na mke wako." Halafu akageuza shingo kulia. "Na weye, Baba Noella, ulimutuma. Leo unakula maharagwe."

Libérat alikula maharagwe. Hakuuliza alijuaje. Kwa mwanamke aliyekata kiatu chake mwenyewe kwa kisu, hila za wengine zilikuwa kama samaki mezani: aliziona upande wote.

Jumapili hiyo Noella hakusimulia historia. Aliuliza moja kwa moja. "Mama, unakuja ao hukuji? Niambie, nianze mambo ya safari."

Libérat alikuwa mlangoni na kiatu cha mtu. Sindano ilisimama.

"Noella," Apollinarie akasema, "uliniambia majimbo yale yalipojiunga kuwa inchi moja, lenu lilikubali siku gani?"

"La mwisho, mama. Yale ya kwanza yote yalikuwa yamekubali. Lenyewe lilikataa, likakataa."

"Basi usinikimbize. Nitajibu kesho."

Libérat hakulala vizuri. Asubuhi akamwona amesimama juu ya kitanda, anashusha koti. Alilivaa. Akafunga zipu mpaka kidevuni, akavuta kofia yenye manyoya, akageuka mbele ya kipande cha kioo. Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka.

"Nakaa aje?"

Libérat alitafuta neno. Alilopata lilikuwa dogo. "Unakaa vizuri."

"Mwongo. Niko kama kondoo amemeza gunia."

Akalivua. Akatoka nalo uani, na Libérat nyuma yake, peku. Barafu ya wiki ile ilikuwa ikiyeyuka kabla ya saa sita, mikeke inalegea, wateja wanabonyeza na kukunja pua. Apollinarie alilitandaza koti juu ya beseni, akavuta zipu, akafunga mikono yake fundo.

"Noella anasema hii haiachie baridi kuingia," akasema. "Kama haiachie kuingia, itaiachia kutoka?"

Mchana ule samaki walikuwa wagumu kama walivyotoka ziwani. Pudentienne alitia mkono chini ya koti akapiga kelele kwa baridi. Lukumani akasema amewaona watu wa kila namna Uvira, lakini hajawahi kuona mukeke amevaa kwa safari ya Ulaya. Apollinarie akamwambia anyamaze, anataka kujibu mtoto. Huko Noella bado alikuwa amelala, kwa hiyo alibonyeza simu irekodi sauti, ikamsubiri. Kunong'ona hakujua, kama ilivyosemwa. Soko zima lilinyamaza, na Libérat, ambaye alikuwa na misumari midomoni, aliitoa mmoja mmoja akaishika kiganjani mpaka mwisho.

Sauti hiyo iko kwenye simu mpaka leo. Jumapili alasiri Lukumani huja na kiti chake, hukaa chini ya ule msumari usio na koti, na husema, "Mufungulie Mama Mpunga." Libérat hubonyeza. Wazee wawili huinama juu ya simu moja, na mama huanza:

"Noella mutoto wangu, koti imefika, Mungu akubariki, nimevalisha samaki na hawaozi tena. Historia yenu nimeisikia yote, nimeipenda. Lakini hiyo inchi ilianza na watu wenye walifukuzwa kwao. Miye, nani amenifukuza? Baba yako amejaribu kunitisha, hata kutisha hajue. Lete watoto wanisalimie, samaki iko. Miye hapa nitatoka siku ya kubebwa, na wenye kubeba wajue: niko muzito."